Saa Kumi ya Usiku: Shajara ya Kamati ya Mafuriko, Ng'ambo ya Sabaki

Januari, kaskazi inavuma

Leo tumekaa watu tisa kwenye baraza ya mzee wa kijiji, tukakubaliana kazi ianze kabla ya masika. Mimi nimepewa ukatibu, kwa hiyo shajara hii ni yangu kuiandika. Nitaandika mambo yalivyo, pamoja na yale yatakayotushinda.

Kijiji chetu kiko ng'ambo ya daraja ukitoka Malindi mjini, upande wa chini, pale mto Sabaki unapokaribia kumwaga maji baharini. Nyumba nyingine ziko juu kwenye mchanga, nyingine ziko bondeni kwenye udongo mweusi. Wa bondeni hawakai huko kwa kutojua. Udongo ule hutoa mahindi, ndizi na mchicha hata mwaka wa kiangazi. Anayesema "si wahame tu" hajawahi kulima kwenye mchanga.

Mafuriko si mgeni hapa. Kuna watu wazima ambao umri wao unahesabiwa kwa mvua za Elnino za 1997. Vuli ya 2023 maji yalipanda, watu wakarudi wakapanda upya, na masika ya 2024 yakabeba tena. Ndiyo masika yale yaliyofanya shule za Kenya nzima zicheleweshwe kufunguliwa hadi tarehe 13 Mei.

Jambo moja nataka liandikwe mwanzoni kabisa: onyo lilikuwepo. Idara ya Hali ya Hewa ilitangaza, redio zikasema. Lakini neno lile lilipita mikono mingi kabla ya kufika kwetu, na lilipofika lilikuwa barua ya Kiingereza, iliyopigwa picha na kuwekwa kwenye kundi la WhatsApp, ikisema kutakuwa na mvua kubwa kuliko wastani ukanda wa Pwani. Shangazi yangu, mwenye shamba bondeni na simu ya tochi, angelifanyia nini neno hilo? Wastani ni kitu gani kwake? Alichohitaji kuambiwa ni maneno manne tu: toa mbuzi, panda juu.

Kwa hiyo kazi ya kamati ni hiyo. Neno litoke kwa wanaojua, limfikie anayelala bondeni kabla ya maji kumfikia, na likimfikia liwe neno la kutenda.

Januari, wiki ya tatu

Tumeanza na kipimo cha mto. Mpaka sasa kila mtu alikuwa na kipimo chake: mmoja anaangalia jiwe, mwingine mti wa mkwaju, mwingine anasema "nikiona mto umenuna najua." Usiku hakuna anayeuona mto umenuna.

Mstari wa matope wa 2024 bado uko kwenye ukuta wa nyumba ya chini kabisa, unanifika kifuani. Swali lilikuwa jinsi ya kuusafirisha mstari huo mpaka mtoni, hatua 180 za mtu mzima, bila kukisia. Fundi mmoja wa ujenzi, kijana wa hapa hapa, akaleta mpira wake wa levo. Ni mpira mwembamba unaoona ndani, unaujaza maji, mmoja anashika ncha hii kwenye mstari wa ukutani, mwingine anashika ncha ile kwenye kigingi kilichochomekwa mbali. Maji ya pande mbili yakitulia, yametulia kimo kimoja. Unachora kigingi, unasogea, unarudia. Kigingi baada ya kigingi tulishuka mpaka ukingoni.

Siku ya kwanza tulikosea. Kulikuwa na povu dogo limejificha kwenye mkunjo wa mpira, hatukuliona mpaka tulipopima kurudi nyuma na kukuta tofauti ya upana wa kiganja. Fundi akang'oa vigingi vyote. Watu walikuwa wamechoka na jua la saa saba, wengine wakasema kiganja si kitu. Yeye akasema, "Kiganja cha maji ndani ya nyumba ni godoro limelowa." Tukaanza upya kesho yake asubuhi. Ningependa kila atakayesoma shajara hii amjue kijana huyo kwa kazi hiyo.

Kwa nguzo tulifikiria boriti za mikoko, tukaacha. Huwezi kukata mkoko bila kibali, tena huwezi kuutumia kupima mafuriko wakati wenyewe ndio unaoshika udongo wa mlango wa mto. Tumenunua bomba la chuma kwa muuza vyuma chakavu, tumelisimika kwa zege, tumelipaka rangi.

Januari, siku nne baadaye

Ugomvi wa alama za rangi kwenye bomba. Nyekundu haikuwa na shida: iko chini ya sakafu ya nyumba ya chini kabisa, shibiri nne chini yake, na maana yake ni kila mtu aondoke. Nyeupe pia haikuwa na shida: tuanze kuamka usiku kuangalia. Ugomvi ulikuwa njano, alama ya kuhamisha mifugo, wazee, wajawazito na watoto.

Wanaume wengi walitaka njano iwe juu. Sababu yao si ya kipuuzi: ukiacha shamba mapema, nyani wanaingia, na wezi nao. Mara mbili wakihamishwa bure hawatahama mara ya tatu. Kina mama wakataka iwe chini. Mmoja akasimama akasema, "Nyinyi mnahesabu muda wa kutembea mtu mmoja. Mimi nina mkwe mgonjwa, watoto watatu na mbuzi sita. Nihesabieni mimi." Akaombwa aonyeshe. Tukatembea naye toka mlangoni kwake mpaka shuleni, mtoto mgongoni, kamba ya mbuzi mkononi. Dakika 47, na ardhi ilikuwa kavu.

Njano imewekwa pale walipotaka kina mama.

Februari, wiki ya kwanza

Kikao na wakulima kuhusu mto wenyewe. Niligundua kwamba vijana wengi wanadhani mafuriko yetu yanatokana na mvua yetu. Sabaki ni jina la mwisho tu la mto mrefu. Maji yanaanza vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, yakiitwa Athi, yanashuka Ukambani, yanaungana na ya mto Tsavo na kuitwa Galana, ndipo yanapotufikia sisi kwa jina la Sabaki. Mvua inaweza kunyesha Nairobi wiki nzima na hapa kwetu jua linawaka watu wanaanika nguo. Siku kadhaa baadaye mto unafika na magogo.

Mzee mmoja alieleza dalili zake, nikaziandika zote. Rangi inabadilika kwanza, maji yanakuwa mekundu mazito. Kisha povu la kahawia linashikana kando. Kisha takataka za mbali, majani ya miti isiyoota huku. Kimo kinakuja mwisho. Ukingoja kimo, umeshachelewa.

Tulichofanya: tumepata ndugu wawili wa huko juu, mmoja Chakama, mmoja Baricho, ambao watatupigia simu mto ukibadilika kwao. Tumekubaliana kuwawekea salio kila mwezi toka mfuko wa kamati. Ni hela kidogo, na sijaona matumizi yetu yaliyo bora kuliko hayo.

Februari, wiki ya tatu

Baraza la wavuvi, chini ya banda la kuanikia nyavu, upande wa Mambrui. Hapa mada ilikuwa kimbunga.

Swali lao lilikuwa la moja kwa moja: kimbunga kitafika Malindi au hakifiki? Nilijitayarisha kwa swali hilo, kwa sababu ukimtisha mvuvi kwa jambo lisilotokea, hatakusikiliza siku ya jambo litakalotokea. Nikawajibu hivi. Kimbunga hula joto la bahari, na hupata mzunguko wake kutokana na dunia yenyewe inavyozunguka. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kukizungusha ni ndogo mno, ndiyo maana ndani ya nyuzi 5 za ikweta vimbunga ni nadra sana. Malindi iko kama nyuzi 3 kusini, Lamu karibu zaidi. Kwa hiyo hatuko Beira, kule Msumbiji, ambako kimbunga Idai kiliuvunja mji mwaka 2019, wala hatuko Cabo Delgado, ambako Kenneth kilifuata wiki chache baadaye.

Lakini nadra si kinga. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha mikarafuu na vyombo bandarini. Aprili 1952 kingine kilifika Lindi. Na Mei 2024 wote tulikuwepo: Hidaya kilikuja mpaka pwani ya Tanzania na kutua Mafia tarehe 4 kikiwa kimepungua nguvu, na kabla ya mwezi kwisha kikaja kingine, Ialy, kilichopanda kaskazini kuelekea upande wa Somalia. Wazee wawili wakasema waliposikia redioni "Hidaya anakuja" walidhani ni tangazo la mgeni. Hata jina la kimbunga linahitaji kuelezwa.

Nahodha mmoja, mzee wa miaka mingi baharini, alinyamaza muda mrefu. Nikamwambia, "Shikamoo nahodha, tupe neno." Akaitikia, akasema kimbunga hakihitaji kutua hapa kumuua mtu wa hapa. Kikiwa mbali kinasukuma mawimbi marefu, yanakuja siku moja kabla ya upepo, bahari inapumua polepole na hewa imetulia. Vijana wanaona hakuna upepo, wanatoka. Wakirudi, mlango wa mwamba umefungwa na mawimbi na mashua haina pa kupitia. Alisimulia mkono wake ukipanda na kushuka hewani, polepole, na banda zima likanyamaza.

Makubaliano: bendera nyekundu ikipandishwa bandani, hakuna chombo kinachotoka, mtumbwi, ngalawa wala mashua ya mashine. Vyombo vivutwe juu ya mstari wa bamvua, pale bahari inapofika ikijaa kuliko siku zote, mashine zifunguliwe zibebwe nyumbani. Anayepandisha bendera ni mwenyekiti wa wavuvi baada ya kusikia taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa. Tunatazama hasa kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Aprili, ndio msimu wa vimbunga kusini mwa bahari yetu, lakini Hidaya na Ialy vilikuja Mei, kwa hiyo bendera haiwekwi kabatini hadi Juni iingie.

Machi, bamvua la mwezi mpevu

Leo nimejifunza jambo lililobadilisha mpango wote.

Nilikuwa napita nyumba za bondeni kuuliza mwaka 2024 maji yaliingia saa ngapi. Nyumba saba. Tano zilisema kati ya saa tisa na saa kumi na moja za usiku. Niliona ni sadfa. Nikampelekea nahodha yule yule, akanitazama kama mtoto aliyesahau jina la baba yake. "Bamvua hujaa saa ngapi?" akaniuliza.

Saa kumi. Kila mtu wa pwani hii anajua. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukipevuka, maji hujaa mwendo wa saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, kisha kila siku yanachelewa kama dakika 50. Na kwetu tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua inafika karibu mita 3. Mto uliofura ukifika mlangoni na kukuta bahari imejaa, hauna pa kwenda. Unarudi nyuma, unapanda, unatawanyika bondeni. Maji yakipwa mto unapata njia. Yaani mafuriko yale yale, kimo kile kile toka juu, yanaweza kukupita siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, na kukuingilia siku za bamvua.

Nilijua bamvua. Nilijua mafuriko. Sikuwahi kuyaweka pamoja, na sioni kwenye barua zote tulizopokea kwamba kuna aliyetuwekea pamoja.

Basi saa mbaya kuliko zote kwetu ni saa kumi ya usiku. Simu zimezimwa au ziko dukani kwenye chaji. Redio imelala. Chifu amelala. Mpango wetu wa ujumbe wa simu, tulioutumia wiki tatu kuupanga, ni mpango wa saa kumi jioni.

Machi, siku mbili baadaye

Swali la kikao cha leo: saa kumi ya usiku, nani yuko macho hapa kijijini?

Tulitaja walinzi, tukakuta ni wawili na wote wako mjini kazini. Wavuvi, lakini siku za hatari hawaendi. Muadhini, ndiyo, ila yeye huamka karibu na adhana. Kimya kikakaa kidogo. Kisha msichana aliyeleta chai akasema, "Mama yangu yuko macho."

Mama yake anauza mahamri. Huamka saa nane na nusu, anaukanda unga, anauacha uumuke, saa kumi na moja karai liko motoni. Kila siku ya Mungu, mvua au jua, isipokuwa Ramadhani ambapo saa zinabadilika lakini bado yuko macho. Nyumba yake iko ukingo wa bonde, na toka jikoni kwake hadi kipimo ni hatua 60. Tumeishi naye miaka yote hii, tunakula mahamri yake, na hakuna kati yetu tisa aliyemfikiria.

Tulikwenda kumuona jioni ile ile. Nilimwamkia, akatukaribisha tukakaa jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili: nani atamnunulia betri za tochi, na akiona maji yamefika alama afanye nini kwanza. Maswali bora kuliko yote niliyosikia tangu Januari. Tangu leo yeye ni mwanakamati wa kumi.

Machi, jaribio la sauti

Tumejaribu kitu gani kinasikika bondeni usiku. Kipaza sauti cha mkononi: hafifu, kikilowa kinakwama. Kipaza sauti cha msikiti: kizuri sana kwa nyumba za juu. Bondeni kinasikika kaskazi ikivuma, lakini siku ya mafuriko ni kusi, upepo wa kusini, na mvua, na kusi inaipeleka sauti upande mwingine kabisa. Kengele ya kanisa ni vivyo hivyo.

Kilichosikika kila mahali ni ringi ya lori, ile inayotundikwa mtini shuleni na kugongwa kwa chuma. Mlio wake unakata mvua. Tumenunua moja, tumeitundika kwenye mwarobaini wa mama wa mahamri, na kipande cha nondo kimefungwa kamba kando yake kisipotee. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, walisema wazee, ila lazima watu wajue ni jambo gani: mapigo matatu na kituo ni njano, mfululizo bila kituo ni nyekundu. Msikiti na kanisa wataitikia wakisikia ringi, kila mmoja kwa Kiswahili na Kigiriama, maneno yale yale yaliyoandikwa kwenye karatasi moja iliyobandikwa ukutani. Sheikh na mzee wa kanisa wamekaa pamoja kuyaandika.

Aprili mwanzoni

Sauti ya uongo imezunguka WhatsApp: mtu asiyejulikana anasema bwawa limepasuka huko juu na maji yatafika Malindi usiku huu. Familia mbili zilibeba magodoro. Nikapiga simu Baricho, mto uko kawaida. Imetufundisha kuweka kanuni: hapa kwetu neno la mafuriko linatoka kwenye kipimo na ringi tu. Simu ni ya kujiandaa, ringi ni ya kuondoka.

Aprili, wiki ya pili

Shule. Uongozi umekubali tuitumie kama kimbilio, na ufunguo wa pili uko kwa jirani wa lango. Nikidhani kazi imekwisha, kina mama wakanipeleka nyuma ya madarasa kuangalia vyoo. Matundu manne, milango miwili haina komeo. Mwaka 2024 kuna wanawake waliorudi bondeni gizani, maji yakiwa magotini, kwa sababu ya haja tu. Wengine hawakuja kabisa wakijua watalala chumba kimoja na wanaume wasiowajua. Sikuwa nimeyasikia haya, na mimi ni mtu wa hapa.

Makomeo yamefungwa. Madarasa mawili ni ya wanawake na watoto, moja ni la wagonjwa na wazee, wanaume watalala kwenye veranda. Mbuzi wana zizi lao la miti nyuma ya uwanja, kwa sababu mwenye mbuzi hahami bila mbuzi, na ukimlazimisha atarudi kuwafuata. Pipa la maji lina dawa yake ya kutibu maji na kikombe chenye mkono mrefu, maana mafuriko yakiingia vyooni na visimani, kipindupindu kinafuata.

Kila nyumba ya bondeni imepewa ndoo ya kufunga ya lita 5. Ndani: vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, karatasi za kliniki, dawa za anayetumia kila siku, kiberiti ndani ya nailoni. Ndoo inakaa mlangoni. Nimepita kukagua na nyumba tatu wameshaitia sukari. Tumezungumza.

Vijana nimewaambia kuhusu kuvuka. Maji ya kasi ya sentimita 15 tu yanatosha kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 zinaweza kuelesha gari dogo. Hakuna kuvuka kwa bodaboda, hakuna mtumbwi kujazwa. Wote wanakumbuka boti iliyopinduka na watu kwenye maji ya Tana, kati ya Garissa na Madogo, mwisho wa Aprili 2024. Waliiona kwenye simu zao. Sikuhitaji kuongeza neno.

Aprili, bamvua la mwezi mwandamo, jaribio la usiku

Saa kumi kasorobo. Manyunyu. Hakuna aliyeambiwa ni usiku gani isipokuwa mama wa mahamri na msomaji wa kipimo wa zamu.

Ringi ilianza mapigo matatu matatu. Nilikuwa nimesimama shuleni na saa mkononi, nikausikia mlio ukija toka gizani, na nywele zikanisimama ingawa nilijua ni jaribio. Taa zikaanza kuwaka moja moja. Kila mwenye zamu alikuwa na milango mitano ya kubisha. Nyumba ya kwanza ilifika shuleni baada ya dakika 16, ya mwisho baada ya 58. Nimeandika kila nyumba na dakika zake.

Yaliyotushinda ni mawili. Mume na mke wasiosikia, nyumba ya karibu na migomba: mbishaji alibisha akaondoka akidhani wameshatoka. Walikuwa wamelala. Sasa jirani yao ana ruhusa ya kuingia uani na kummulika mume usoni kwa tochi, na wao wenyewe wamechagua jirani huyo. La pili limeniuma zaidi. Kijana wa miaka kumi na minne alikuwa kwenye dungu, katikati ya shamba la mahindi, akilinda nguruwe pori. Hayumo kwenye orodha ya nyumba yoyote, kwa sababu orodha yetu ni ya milango, na dungu halina mlango. Tulipohesabu tumekuta madungu sita, na msimu huu wote kuna mtoto au kijana analala juu yake.

Orodha imeandikwa upya. Na tumekubaliana: alama nyeupe ikifikiwa, hakuna anayelala dunguni.

Mei, siku ya kwanza ya maji

Chakama wamepiga simu jana adhuhuri: mekundu, magogo. Baricho jioni. Hapa hakuna mvua.
Saa mbili usiku: kimo chini ya nyeupe kwa shibiri moja.
Saa sita usiku: nyeupe. Madungu yote matupu, nimepita mwenyewe na tochi.
Saa tisa na dakika 20: njano. Bamvua lilikuwa juzi, maji ya bahari bado yanapanda.

Ringi imelia. Nyumba 14 zimehama, mbuzi wote, mkwe mgonjwa amebebwa kitandani na vijana wanne. Mtu mmoja alikataa, akasema anakaa na mahindi yake. Kaka yake alikwenda akakaa naye mlangoni, hakubishana, akaweka tu tochi ikimulika mto. Baada ya robo saa wakaja wote wawili.
Saa kumi na moja na nusu: juu ya njano kwa vidole vitatu, imesimama.
Saa moja asubuhi: njano. Bahari inapwa.

Mei, siku ya tatu

Maji yamerudi chini ya nyeupe. Hayakugusa nyekundu. Mashamba ya ukingoni yamekwenda, karibu robo ya mahindi ya bondeni, na hilo kamati haina la kulifanya ila kuandika nani amepoteza nini na kuipeleka orodha kwa naibu wa chifu. Nimeipeleka leo. Kuna waliolalamika kwamba nyekundu haikufika na walihamishwa bure. Mama wa mbuzi sita aliwajibu kabla yangu.

Ya kufanya wiki hii: tope limefunika alama nyeupe, lioshwe na rangi irudiwe. Salio la Chakama na Baricho. Komeo moja la choo limeng'oka. Betri nne za tochi.

Jioni nimepita kwenye mwarobaini kukaza kamba ya ringi. Ile nondo ya kugongea bado ina unga wa mahamri uliokauka, alama za vidole vinne upande mmoja na cha gumba upande wa pili.